Mpeni mwanafunzi daftari, msimpe filimbi

Shule zikishafungwa mwanzoni mwa Julai, vijana wa Bunyakiri hushuka Bukavu kutafuta pesa za minervali, yaani ada ya shule. Barabara yao hailioni Ziwa Kivu mpaka karibu na mwisho. Inatoka Hombo na Bulambika, inapasua msitu wa Kahuzi-Biega, inapita Tshivanga, ndipo inapofika Miti na kukutana na ile nyingine inayokwenda Katana, Kalehe na Minova kando ya maji. Mjini kazi za likizo ni zilezile kila mwaka. Mwenye mabega hubeba mchanga na matofali. Mwenye ndugu katika soko la Kadutu hukaa kibandani kwa ndugu. Wadogo huuza maji ya sashe: hununua fungu asubuhi, hulibeba kichwani ndani ya beseni na kuzunguka Nyawera wakitangaza kwamba ni ya baridi. Mteja hung'ata kona, hufyonza, hutupa. Jioni beseni ni tupu na mtaro umejaa.

Julai na Agosti mtaro huo ni mkavu. Sashe hulala pale pale zilipotupwa, juu yake huangukia chupa, majani ya ndizi, viatu vya plastiki vilivyokatika, na mji huzoea. Kisha mvua za Septemba hufika, na Bukavu, mji uliojengwa juu ya miteremko, huoshwa kwa siku chache. Kila kilicholala mtaroni huingia mto Kawa au hushuka moja kwa moja ziwani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, na mlango huo uko Bukavu: ndipo Ruzizi inapoanza. Kilomita chache chini ya hapo liko bwawa la Ruzizi I, lililojengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, linalotupa umeme. Mwanzoni mwa 2022 plastiki zilizotoka ziwani zilisonga mitambo ya bwawa hilo hadi sehemu ya mitambo ikaharibika na mitaa ya Bukavu ikakosa umeme. Shirika la umeme, SNEL, likawa linashusha wapiga mbizi kuzitoa taka kwa mikono. Kwa hiyo kijana aliyeuza sashe mwezi wa saba ndiye huyo huyo anayesoma kwa mshumaa mwezi wa kwanza.

Simlaumu. Alikuwa anatafuta ada, na mji haukumpa kazi nyingine. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba mji umpe. Wanafunzi wa Kivu Kusini, wa sekondari na wa vyuo, walipwe kushika doria ya ziwa wakati wa likizo kubwa. Na doria hiyo isiwe ya kufagia, wala isiwe ya kukamata watu. Iwe ya kupima, kuhesabu na kuandika.

Najua neno doria linavyosikika kwetu. Mtu wa Kivu akisikia doria, mkono wake huenda mfukoni wenyewe. Tumeishi na barieri zaidi ya tulivyoishi na shule. Kamba inafungwa kwenye miti miwili, kijana anakaa kwenye kiti kibovu na filimbi, na kila anayepita na ndizi, makaa au kuku analipa. Nani alimweka pale, na pesa zinakwenda wapi, mwenye mzigo haulizi, kwa sababu anataka kufika sokoni kabla jua halijawa kali. Mpe kijana wa miaka kumi na tisa fulana yenye maandishi mgongoni na uwezo wa kumnyang'anya mvuvi wavu, kisha umlipe kidogo au usimlipe kabisa, na kabla Agosti haijaisha utakuwa umefungua barieri mpya, safari hii juu ya maji. Mkono mtupu haulambwi.

Wenzetu wa Ziwa Viktoria wameyaona haya. Kenya, Uganda na Tanzania zote ziliunda vikundi vya kusimamia fukwe, maarufu kama BMU, ili wavuvi wajilinde wenyewe, na wazo lilikuwa zuri. Lakini pale vikundi hivyo vilipopewa kukagua na kukamata bila kipato cha kueleweka, malalamiko ya rushwa hayakukawia. Tanzania ilipotaka kumaliza uvuvi haramu kwa nguvu, mwaka 2018, kwa kile kilichoitwa Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto na mashua kukamatwa, na kilio cha wavuvi kikafika hadi bungeni. Sisemi nyavu zile zilikuwa halali. Nasema ukitumia nguvu, mvuvi hujifunza kujificha, na mvuvi aliyejificha hakuambii tena amevua nini.

Kufagia nako kuna kasoro zake, ingawa ni vigumu kukisema vibaya kitu kinachoonekana chema. Salongo tunaijua tangu enzi za Mobutu. Jumamosi asubuhi maduka yanafungwa, watu wanatoka na majembe na mafagio, mtaro unazibuliwa, na taka zinawekwa rundo kando ya barabara. Rundo linasubiri gari. Gari lisipokuja, mvua inakuja, na taka zinarudi mtaroni zikiwa zimepata mapumziko. Mashirika nayo huleta vijana ufukweni na glavu, mifuko na mpiga picha. Nimezihesabu fulana za namna hiyo vifuani mwa watu hapa kwetu: zinadumu kuliko miradi iliyozichapisha. Na baada ya miaka yote hiyo ya usafi, ukiuliza ni mtaa gani unaoingiza taka nyingi zaidi katika Kawa, au ni aina gani ya plastiki inayofika Ruzizi kwa wingi, kila mtu ana maoni na hakuna mwenye daftari.

Sheria tunazo. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki nchini Kongo. Sashe ya maji inayouzwa Nyawera ilipaswa kuwa imetoweka zamani. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na ikasimamia. Sisi tuliandika amri, tukaendelea kunywa. Kuongeza vijana wa kutekeleza amri ambayo polisi wenyewe hawaitekelezi ni kuwatuma watoto mahali ambapo watu wazima wamekataa kwenda.

Basi doria ya kuandika ni ipi? Naanza na mwanafunzi wa kwanza na kifaa chake, kinachonipendeza kuliko vyote, kwa sababu fundi yeyote wa Bulambika anaweza kukitengeneza. Ni sahani ya duara, upana wake kama sentimita 20 au 30, nyeupe yote au imegawanywa robo nyeupe na robo nyeusi. Katikati ina tundu, tundu lina kamba, kamba ina mafundo ya kupimia, na chini kuna kipande cha chuma cha kuizamisha. Unapiga kasia hadi kwenye maji ya kina, unaishusha sahani upande wa kivuli wa mtumbwi, unaitazama ikififia. Ikipotea kabisa unasoma kamba. Unaivuta taratibu hadi ionekane tena, unasoma mara ya pili, unachukua wastani, unaandika tarehe, saa, mahali na hali ya anga. Kipimo hicho kinakuambia maji yana uwazi kiasi gani, na kwa hiyo yana mwani na udongo kiasi gani. Kilibuniwa na padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, akiwa ndani ya chombo cha Papa katika bahari ya Mediterania, na hadi leo wanasayansi wenye mitambo ya mamilioni bado wanakitumia. Katika jimbo la Minnesota huko Marekani, wananchi wa kawaida wamekuwa wakishusha sahani hiyo katika maziwa yao tangu mwaka 1973, na namba zao zinatumika na serikali.

Kipimo kimoja hakina maana. Maana inatoka kwenye daftari lenye miaka. Na hapa kwetu daftari la namna hiyo limewahi kuwepo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa kitengo cha hidrobiolojia cha chuo cha ualimu cha Bukavu, ISP, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu cha Namur, Ubelgiji, walikuwa wakienda mara kwa mara ghuba ya Ishungu, kusini mwa ziwa, kuchota maji, kushusha sahani, kuhesabu viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Waliendelea kwa miaka mingi, katika nchi ambayo vita havikuwa vimekwisha. Kazi yao ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya yale dunia inayoyajua leo kuhusu uhai wa Ziwa Kivu. Walioamka alfajiri kwenda Ishungu walikuwa watu wa hapa. Lwiro nayo, kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, kiko kando ya barabara hiyo hiyo ya Katana. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba wazo la vijana kupima ziwa ni la kigeni.

Yale waliyoyaona yanaeleza kwa nini miezi ya likizo ndiyo miezi yenyewe. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi, lakini uhai wake uko katika mita sitini na kitu za juu. Chini ya hapo hakuna hewa ya oksijeni, hakuna samaki, kuna maji mazito yenye chumvi na gesi. Msimu wa mvua maji ya juu hutulia, yakawa na joto na kujitenga. Kiangazi kikiingia, kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma, hewa hupoa usiku, na maji ya juu hujichanganya hadi kwenye ule mpaka wa mita sitini. Mbolea ya asili iliyozama hupanda, mwani huongezeka, wadudu wadogo wanaoula huongezeka, na samaki wetu wadogo, sambaza, hupata chakula. Ziwa linapumua wakati shule zimefungwa. Kama ungepewa miezi miwili tu kwa mwaka ya kulipima, ungechagua hiyo.

Mita hizo sitini ndizo pia tunazozichafua. Udongo wa mlimani, maji ya vyoo, sashe, mafuta ya mashua, vyote vinaingia kwenye tabaka hilo hilo jembamba, linalomlisha sambaza na linalojaza bidoni za mama anayechota maji pale mabomba ya shirika la maji, Regideso, yanapokauka. Kipindupindu hakijaacha fukwe za Kivu na Tanganyika kwa miongo sasa. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, maelfu kwa maelfu walikufa katika wiki chache kwa kipindupindu na kuhara damu, wengi wao wakiwa wamekunywa maji ya ziwa hili. Watu wa nje wakisikia Kivu huwaza gesi: kilomita za ujazo 60 za methani, 300 za kaboni dioksidi, na kisa cha Ziwa Nyos huko Kamerun lililoua watu wapatao 1,700 usiku mmoja wa Agosti 1986. Hofu hiyo ni ya kweli, na baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Mei 2021 ilichangia sehemu kubwa ya Goma kuhamishwa. Lakini gesi ina wataalamu wake na vipimo vyake. Bidoni ya mama haina mtu.

Turudi kwa sambaza. Samaki huyu si mwenyeji. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akakuta maji ya wazi yasiyo na mpinzani, akazaa akajaza ziwa, na leo hakuna sufuria ya maskini Bukavu inayomkosa kwa muda mrefu. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, watu wakiimba. Asubuhi mzigo unafika Beach Muhanzi na akina mama wanaugawana kwa makopo. Hapo ndipo ningempeleka mwanafunzi wa pili, na wala hahitaji mtumbwi. Anahitaji ubao wenye rula iliyogongomelewa. Anaomba konzi moja ya sambaza kutoka kwa mama aliyekubali, anawalaza mmoja mmoja, pua kwenye sifuri, anasoma mkia unapofika, anaandika, anawarudisha kwenye kopo. Anauliza walivuliwa upande gani na kwa wavu gani. Kama wavu ni kaningini, ule wenye matundu madogo unaokomba hata watoto wa samaki, anaandika kaningini na kushukuru. Hapigi filimbi. Mama hatamjibu kesho kama leo amemletea askari.

Fanya hivyo katika fukwe tano, kila asubuhi, kwa miezi miwili, halafu mwaka unaofuata rudia. Utajua kama sambaza wanaofika sokoni wanapungua urefu, jambo ambalo kila mvuvi anakuapia ni kweli na hakuna anayeweza kulithibitisha mbele ya waziri. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza hufungwa kwa muda kila mwaka ili samaki wazae. Upande wetu mjadala wa kufunga hugeuka ugomvi mara moja, kwa sababu mvuvi anaambiwa ale nini, na anayemwambia afunge hana namba ya kumwonyesha.

Mwanafunzi wa tatu, ambaye huenda ndiye wa maana kuliko wote, anakaa mjini. Anapewa mtaro mmoja, au kipande cha Kawa chenye daraja mwanzo na daraja mwisho. Kila wiki anautembea wote na kuhesabu: sashe, chupa, mifuko, nepi, nguo. Anaandika taka zimeanza kurundikana wapi, nyuma ya soko gani, chini ya shule ipi. Mwisho wa Agosti, kabla ya mvua ya kwanza, daftari hilo linakwenda kwa shefu wa kata na meya. Wakati huo mtaro bado ni mkavu na ungali unazibulika kwa koleo. Ukingoja Oktoba utazibua ndani ya Ruzizi, kwa wapiga mbizi. Na kama kata inataka salongo, sasa inajua ianzie wapi. Bukavu kuna watu waliokwisha kuonyesha kwamba plastiki ya ziwa ina matumizi. Nicole Menemene na kampuni yake ya Plastycor wamekuwa wakisuka vikapu na viti kutokana na taka hizo. Mtu wa biashara ya namna hiyo angefurahi kujua ni mtaro gani una chupa nyingi.

Huko Marekani, katika milima ya Adirondack jimboni New York, chuo cha Paul Smith's kimekuwa kikiajiri vijana kila majira ya joto kusimama kwenye gati za maziwa. Tishio lao ni magugu ya kigeni yanayosafiri yamejikunja kwenye injini za mashua. Kijana anamsalimia mwenye mashua, anamwomba ruhusa ya kuikagua, anatoa majani akiyakuta, anauliza mashua ilikuwa ziwa gani wiki iliyopita, anaandika. Hana pingu wala stakabadhi ya faini, na kazi yake imedumu zaidi ya miaka ishirini. Sisemi tuige, sisi hatuna mashua za starehe za kukagua, na wao hawana kaningini. Lakini mpaka waliouweka kati ya kuandika na kukamata ndio huo huo ninaoutaka.

Sasa watu wa kwetu Bunyakiri wataniuliza: ziwa si letu, mito yetu inashuka magharibi kwenda Lowa na Lualaba, yanatuhusu nini ya Bukavu? Kwanza, Bunyakiri ni ya Kalehe, na makao makuu ya teritwari ya Kalehe yanaangalia ziwa. Pili, maji ya Kivu yenyewe hupita Ruzizi yakaingia Tanganyika, yakatoka Lukuga, na Lukuga huishia Lualaba. Tunachokitupa sisi na wanachokitupa wao vinakutana mto mmoja, wao wakiwa wamezunguka tu. Lakini sababu kubwa ni ya tatu, nayo haina utani. Tarehe 4 Mei 2023, mvua moja iliporomosha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, teritwari hii hii yetu, siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, wengine wakasukumwa hadi ziwani na hawakupatikana. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Miteremko nayo ilikuwa imebaki uchi. Makaa yanayopika sambaza wa Bukavu yanatoka milimani, mengine katika msitu wa Kahuzi-Biega wenyewe, na mti ukikatwa kwenye mteremko, udongo wake unajua njia.

Ndiyo maana doria ya ziwa ambayo haina mtoto wa mlimani ina upungufu. Mwanafunzi anayesoma Bukavu na mwenye nyumba yao Bunyakiri anajua bei ya gunia la makaa kwa wakataji na bei yake Kadutu. Anajua mteremko gani ulikuwa na miti alipokuwa darasa la sita. Mtoto wa mtaa wa Nguba, mjini, hajui. Akiandika hayo, mita kwa mita kando ya barabara anayoipita kila likizo, ameandika nusu ya historia ya ziwa bila kugusa maji. Bami na machifu wa vijiji wanaweza kumfungulia njia kwa neno moja, kama walivyowahi kuwafungulia wengine waliokuja na nia mbaya zaidi.

Kuhusu malipo sitaki mzunguko. Wanafunzi wa kujitolea watakuja wiki ya kwanza, watapiga picha, na wiki ya tatu watarudi kuuza sashe, na watakuwa na haki. Malipo yawe minervali yenyewe, inayolipwa moja kwa moja kwa shule au chuo mwezi wa tisa, kwa kila daftari lililojazwa na kukaguliwa na mwalimu wa biolojia. Pesa zipo. Soko hutoza ushuru kila siku, bandari hutoza kila mzigo, na kila mashua inayoshusha abiria inalipa mtu fulani. Sehemu ndogo ya ushuru wa bandari ingetosha kuanzia fukwe chache na mitaro michache. Bwawa nalo linagharimika kila plastiki zinapoziba mitambo. Kumlipa mtoto ahesabu sashe juu ya mlima ni rahisi kuliko kumlipa mpiga mbizi azifuate chini. Na wanaofungasha maji na soda ndani ya plastiki wanajijua.

Kuna pingamizi moja siwezi kulipita haraka. Katikati ya Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, baada ya Goma kutekwa Januari. Kalehe imekuwa uwanja wa vita kwa vipindi, na njia ya Bunyakiri kwenda mjini si ya kuahidi mtu. Msomaji ana haki ya kusema: watu wanakimbia na magodoro, wewe unaleta sahani ya padri. Namjibu nusu. Nusu ambayo siwezi kuijibu ni ya usalama wa mtoto. Kijana mwenye simu, daftari na kamba, katikati ya ziwa alfajiri, anaweza kudhaniwa mpelelezi na upande wowote, na namba ya uwazi wa maji hailingani na maisha yake. Kwa hiyo pasipo amani doria isiende majini. Ianze na mitaro, masoko na fukwe za samaki, mchana, wawili wawili, bila fulana na bila kofia, kwa idhini ya shefu wa mtaa anayewajua kwa majina ya wazazi wao. Sahani ingoje.

Nusu ninayoweza kuijibu ni hii: vita havijawahi kupunguza taka za Bukavu. Kila wimbi la wakimbizi linaloingia mjini linajenga juu zaidi ya mteremko, linachota ziwani, linajisaidia karibu na linapochota. Waliokwenda Ishungu miaka ya 2000 hawakungoja nchi itulie, maana wangekuwa bado wanangoja. Na kijana anayehesabu sashe kwa ujira halali, huku mwalimu wake akimsubiri jioni na daftari, ana sababu moja ya kumkatalia anayemwita porini kubeba bunduki. Wazazi wa Bunyakiri hawahitaji kuelezwa uzito wa sababu hiyo.

Kwa hiyo naomba jambo dogo na la karibu. Wakuu wa ISP na wa vyuo vikuu vya Bukavu waandae karatasi moja ya kujaza, kwa Kiswahili, yenye safu zisizozidi sita, ambayo mtoto wa darasa la nne sekondari anaweza kuielewa. Walimu wa biolojia wa Bulambika wachague wanafunzi kabla ya mitihani kwisha. Shefu wa kila kata inayopakana na Kawa ataje mtaro mmoja. Na wewe mzazi, mwanao akikuambia Julai hii amepewa kazi ya kuhesabu takataka, usimcheke. Muulize tu nani anamlipa, na atamlipa lini.